Magemu ya miaka ya karibuni: hukumu zetu na maswali tunayoulizwa kila wiki

Hukumu nyingi za magemu huandikwa na watu wenye mashine mpya, intaneti ya waya na umeme usiokatika. Hapa tunazipima upya kwa mtu wa Dar es Salaam: mwenye PS4 ya mtumba, mwenye kibanda cha gemu Manzese au Mbagala, mwenye laptop ya chuo, na mwenye PS5 anayehesabu bando.

Gemu limepewa alama 96. Mbona kwangu halichezeki?

Kwa sababu anayetoa alama amelicheza kwenye mashine fulani, toleo fulani, siku fulani. Cyberpunk 2077 ndilo lililotufundisha. Kabla halijatoka tarehe 10 Desemba 2020, wahakiki walipewa toleo la kompyuta peke yake, na hawakuruhusiwa kuonyesha video walizorekodi wenyewe. Alama zikapaa. Wenye PS4 walipoliwasha wakakuta linaganda, linajizima, na sura za watu zinachelewa kuchorwa. Baada ya wiki moja Sony ikaliondoa kwenye duka lake, na halikurudi hadi Juni 2021.

Toleo la 2.0 la Septemba 2023 lililisafisha gemu, ila halikuletwa PS4. Kwa hiyo muuzaji anayekupa sidii ya PS4 huku akisema "siku hizi lilishatengenezwa" anasema kweli, ila lilitengenezwa kwa wengine. Sidii hiyo hiyo ukiiweka kwenye PS5 yenye mlango wa sidii, unapakua toleo la PS5 bila kulipa tena. Hukumu yetu: PS5 au kompyuta yenye nguvu, chukua, PS4, achana nalo.

Niamini Metacritic, OpenCritic au Steam?

Zote, kila moja kwa kazi yake. Mbili za kwanza ni tovuti zinazokusanya alama za wahakiki, Steam ni duka la magemu ya kompyuta. Metacritic huwapa baadhi ya wahakiki uzito kuliko wengine na haisemi ni kiasi gani. OpenCritic huchukua wastani wa kawaida. Kwenye zote mbili alama ya 75 si mbaya. Ni gemu zuri lenye kasoro ambayo huenda wewe haikusumbui.

Steam ni kura ya waliolinunua, na ina kitu ambacho wengi hawakitazami: asilimia za siku 30 za mwisho kando ya zile za jumla. Jumla ikiwa 85 na mwezi huu ikiwa 40, kuna sasisho limeharibu kitu. Soma kura tano mbaya za karibuni, na angalia saa alizocheza kila aliyeandika. Mwenye saa 0.3 analalamikia gemu kutofunguka. Mwenye saa 400 ana jambo la kukuambia.

Nina FC 25. Kuna haja ya FC 26?

Haya ni matoleo ya gemu la mpira la EA, na jibu linategemea unacheza na nani.

Ukicheza mtandaoni, ndiyo. FC 25 ililalamikiwa kwa mwendo mzito, mabeki wanaojiendesha wenyewe, na makipa wanaotema mpira miguuni mwa mshambuliaji. FC 26, iliyotoka tarehe 26 Septemba 2025, imegawa uchezaji mara mbili: hali ya Competitive kwa mechi za mtandaoni, yenye kasi, na hali ya Authentic kwa anayeendesha klabu yake peke yake, ambako mechi inatulia na kona zina maana. Mgawanyo huo ndio uzuri wake mkubwa. Miaka yote kabla ya hapo anayetaka kasi na anayetaka uhalisia walikuwa wanagombania sahani moja.

Ukicheza na rafiki kochi moja, FC 24 au 25 inatosha. Kwa mwenye kibanda hesabu ni nyingine: mteja hatazami makipa, anatazama kama mchezaji aliyesajiliwa juzi yupo kwenye timu yake. Vikosi havibadiliki bila intaneti, hata ukiwa na sidii halali. Washa data ya simu, unganisha mashine, kubali sasisho la vikosi kwenye menyu, kisha zima. Faili la vikosi ni dogo, halimalizi bando. Kinachomaliza bando ni sasisho la gemu lenyewe, kwa hiyo zima upakuaji wa kujiendesha kwenye mipangilio ya mashine kabla hujaunganisha.

Mambo mawili ya kujua kabla ya kulipa. Toleo la PS4 halina HyperMotionV, teknolojia ya mienendo ya wachezaji iliyo kwenye PS5, kwa hiyo usihukumu mwendo wa PS4 kwa video za PS5. Na mwenye PS4 hakutani mtandaoni na mwenye PS5, hata kama wote wana FC 26. Mashine huchanganywa kwa kizazi. Ugomvi wa "mbona sikuoni kwenye orodha" chanzo chake ni hicho.

Simba na Yanga hazimo. Tunaulizwa kila mwaka.

Na eFootball?

Bure, inakaa kwenye simu, na kwa mpira wa dakika kumi kwenye daladala hatujaona inayoizidi. Ilizaliwa vibaya mno Septemba 2021, hadi Konami, kampuni inayoitengeneza, ikaomba radhi, ikasimama kuanzia toleo la 1.0 la Aprili 2022. Inahitaji intaneti muda wote. Mtandao ukicheza, mpira unachelewa kuondoka mguuni.

Mchezaji wangu anakimbia mwenyewe kwenda kushoto. Ni gemu?

Ni pedi. Chini ya kijiti kuna vipande viwili vya kupima mwelekeo, na vikisagika au kuingia vumbi hutuma ishara hata hujagusa. Jaribu kwanza alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi: pedi izimwe, tone moja au mawili chini ya shingo ya kijiti, zungusha mara thelathini, subiri robo saa. Ikirudia ndani ya wiki, kimeisha. Fundi atabandua kijiti chenye miguu 14 na kubandika kipya. Ukipata vya sumaku ongeza hela kidogo uchukue hivyo, maana havina cha kusuguana. Kwenye kibanda tofauti utaiona ndani ya miezi michache.

Elden Ring ni gumu kweli, au watu wanajigamba?

Ni gumu, ila si kwa namna mnayoiogopa. Mmoja wa wa kwanza kukuua ni askari wa dhahabu aliyepanda farasi, dakika chache tu baada ya kutoka pangoni. Hujatakiwa kumuua. Mpite, mwendee baadaye ukiwa na kiwango cha juu. Gemu lote liko hivyo: ukikwama, geuza upande, dunia ni kubwa. Wanaolichukia mara nyingi ni waliogonga bosi mmoja mara sitini kwa ubishi.

Kosa lake la kweli kwetu ni kwamba haliwezi kusimamishwa. Ukiitwa mlangoni, unauawa. Njia ya mkato ni kufungua mfuko wa vitu na kuchagua maelezo ya menyu; hapo adui husimama. Ajabu, lakini inafanya kazi ukiwa hujaunganishwa mtandaoni.

PS4 ya kawaida inalibeba vizuri kuliko tulivyotarajia. Na mwenye PS5 anayekereka na mwendo unaoyumba apakue toleo la PS4 kwenye PS5 yake: picha inashuka kidogo, mwendo unatulia karibu na fremu 60 kwa sekunde. Nyongeza ya Shadow of the Erdtree (Juni 2024) usiinunue mapema. Mpaka uwaue mabosi wawili, Radahn na Mohg, haifunguki.

Umeme ukikatika nitapoteza nini?

Swali ambalo mhakiki wa nje hajawahi kulijibu, na kwetu linaweza kubadili hukumu nzima. Elden Ring hujihifadhi kila wakati; unarudi karibu ulipokuwa. Balatro inakurudisha kwenye raundi ile ile. Hades II inakurudisha mwanzo wa chumba ulichokuwa. Hollow Knight: Silksong inakurudisha kwenye benchi la mwisho ulilokaa, na mabenchi mengine yako mbali kwa makusudi, hapo ndipo watu hurusha pedi. Baldur's Gate 3 hukuachia mwenyewe: kwenye kompyuta bonyeza F5 kabla ya kila mazungumzo na kila pambano. FC haina huruma, mechi iliyokatika ya mtandaoni inahesabiwa umefungwa.

Mashine yenyewe huumia zaidi ya gemu. PS4 ina diski inayozunguka, na umeme ukikatika wakati inaandika, faharasa ya mafaili huvurugika. Dalili ni kukwama kwenye alama ya mwanzo au magemu kufunguka polepole. Zima kabisa, bonyeza kitufe cha kuwasha na ukishikilie mpaka usikie mlio wa pili, kama sekunde saba. Unganisha pedi kwa waya wa USB, maana bila waya haitasomeka hapo. Kwenye menyu itakayotokea chagua namba 5, kujenga upya faharasa. Haifuti magemu. Namba 7 inafuta kila kitu, kwa hiyo soma kabla ya kubonyeza.

PS5 ikicheza gemu zito hula wati 200 hivi, na flati ya inchi 43 kama wati 60. Ni karibu saa nne kwa uniti moja ya LUKU. UPS (betri ya akiba) ya VA 650 haitakuwezesha kuendelea kucheza. Itakupa dakika za kuhifadhi na kuzima, na hicho ndicho unachokilipia.

Clair Obscur: Expedition 33 linastahili sifa zote hizo?

Ndiyo. Limetengenezwa na Sandfall Interactive ya Montpellier, Ufaransa, likatoka Aprili 2025 kwa dola 49.99 wakati wenzake wanadai 69.99, na likawa Gemu la Mwaka kwenye The Game Awards. Mapigano ni ya zamu, kama bao: unapiga, unasubiri, unapigwa. Tofauti ni kwamba wakati unapigwa unaweza kukwepa au kuzuia kwa kubonyeza kitufe katika nukta ile ile pigo linapofika.

Hapo flati yako inaingia. Flati nyingi hupendezesha picha kabla ya kuionyesha, na upendezeshaji huo unakula muda; unaona pigo likiwa limeshafika. Watu wanadhani wao ni wazito. Ingia mipangilio ya picha, washa palipoandikwa Game Mode, zima kulainisha mwendo, kisha jaribu tena. Bado unakosa? Kukwepa kuna nafasi kubwa kuliko kuzuia: anza na kukwepa, ukishazoea mwendo wa adui ndipo uzuie. Hakuna toleo la PS4.

Baldur's Gate 3?

Kwa anayependa kusoma Kiingereza kwa saa mia, hakuna bora kuliko hili. Lilipata 96 Metacritic na halikupendelewa. Linataka GB 150 kwenye SSD, RAM ya GB 8 kwa uchache, na sura ya tatu, ndani ya jiji, inabana kichakataji hata kwenye mashine nzuri. Wawili wanaweza kucheza kwenye skrini moja iliyogawanywa. Kama unaruka mazungumzo ufike kwenye vita, hela yako ipeleke kwingine.

Gemu gani la ngumi niweke kibandani?

Street Fighter 6, kwa sababu moja kuu: lipo PS4. Tekken 8 (Januari 2024) na Mortal Kombat 1 (Septemba 2023) hayapo. Street Fighter 6 pia lina mtindo wa vitufe unaoitwa Modern, ambapo pigo maalumu ni kitufe kimoja na mwelekeo; mteja aliyeingia leo anaweza kumsumbua mzoefu, na foleni inasogea. Wazoefu watanuna. Waache wanune, wanalipa sawa na wengine.

Tekken 8 ni zuri kwa macho, na wapiganaji wake 32 wa mwanzo walikuwa wametosheleza. Lakini ni mfano wa hukumu iliyozeeka. Duka la kulipia mavazi liliingizwa wiki chache baada ya wahakiki kumaliza kazi, na sasisho la msimu wa pili, Aprili 2025, liliongeza mashambulizi yasiyojibika hadi wachezaji wakamimina kura mbaya Steam. Masasisho yaliyofuata yalipunguza makali. Tekken 7 kwenye PS4 bado linalipa kodi ya vibanda vingi hapa mjini.

Nina laptop ya mtumba, RAM GB 8, haina kadi ya picha. Nicheze nini?

Balatro. Linachukua kama MB 150, linawaka hata kwenye mashine ya kuandikia ripoti, na lipo pia kwenye simu. Unapanga mikono ya poka kama jozi, tatu za namba moja au rangi moja, kufikia alama iliyowekwa, huku karata 150 za Joker zikipindisha sheria. Wazazi wanauliza kama ni kamari: huweki hela na hushindi hela. PEGI, shirika la Ulaya linalopanga umri wa wachezaji, ililipa alama ya miaka 18 kwa sababu ya picha ya poka, kisha rufaa mwaka 2025 ikalishusha hadi 12.

Silksong pia linafunguka kwenye mashine dhaifu: RAM GB 4, nafasi GB 8, dola 19.99. Ila ni gumu kupita Elden Ring, hasa mwanzoni, ambapo maadui wa kawaida wanakutoa damu mbili kwa pigo moja. Anza na Hollow Knight la kwanza.

Black Myth: Wukong usiliguse. Linadai kadi ya picha ya GTX 1060 ya GB 6, RAM GB 16 na nafasi GB 130.

Kuna gemu lolote la maana lenye Kiswahili?

Lipo: Tales of Kenzera: ZAU, la Aprili 2024. Limeongozwa na Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, yule aliyetoa sauti ya Bayek kwenye Assassin's Creed Origins, na lina sauti za Kiswahili. Badilisha kwenye mipangilio ya lugha kabla ya kuanza, maana sehemu ya mwanzo ndiyo yenye maneno mengi.

Kijana Zau anaingia mkataba na Kalunga, mungu wa mauti: amletee mizimu mitatu mikubwa, naye amrudishie baba yake. Kusikia mtu akimwita "Baba" kwa Kiswahili ndani ya gemu, bila kugeuzwa kichekesho, ni jambo ambalo hakuna alama inayoweza kulipima. Uganga wake una vinyago viwili: cha jua kwa kupigana karibu, cha mwezi kwa kurusha kutoka mbali. Kubadilisha kati yao katikati ya mruko ndiyo raha yenyewe.

Kasoro zipo. Maadui wanajirudia, na sehemu za kukimbizwa hukuua kwa kosa moja na kukurudisha nyuma kuliko haki. Wahakiki waliyataja haya na walikuwa sahihi. Tungeongeza kwamba mizimu yenyewe ni mchanganyiko: Impundulu ni ndege wa radi wa kusini mwa Afrika, Kikiyaon ametoka magharibi. Usitegemee hadithi za Pwani. Saa nane hivi linaisha. Halipo PS4.

Kwa nini akaunti yangu ya PlayStation haina Tanzania?

Kwa sababu Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi za PlayStation Network. Watu wengi hapa wanatumia akaunti za nchi nyingine, na tatizo huja kwenye nyongeza: sidii na nyongeza lazima ziwe za kanda moja. Sidii ya Ulaya na nyongeza iliyonunuliwa kwa akaunti ya Marekani hazitambuani, na hela haitarudi kirahisi. Soma msimbo kwenye mgongo wa kasha, CUSA kwa PS4 na PPSA kwa PS5, ulinganishe na wa dukani kabla ya kulipa.

Hili liliwahi kuwagusa hata wa kompyuta. Mei 2024, Sony ilipotaka kila mchezaji wa Helldivers 2 kwenye Steam awe na akaunti yake, gemu liliondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170, yetu ikiwemo. Wachezaji walipiga kelele, sharti likafutwa ndani ya siku chache. Gemu lenyewe, ukiwa na wenzako watatu na mtandao usiochelewa, ni zuri sana. Peke yako linachosha.

Sidii au kupakua?

Sidii, kama mashine ina mlango. GB 100 kwa kasi ya Mbps 10 ni saa 22 bila kukatika. Zaidi ya hapo, sidii unaiuza ukimaliza. Jihadhari na zisizo na gemu ndani: ya Call of Duty: Modern Warfare II ya 2022 ilibeba MB 70 hivi, mengine yote ni kupakua.

PS4 ina mtego wake. Ikiweka sasisho hunakili gemu lote upya, kwa hiyo gemu la GB 60 linaweza kugoma kusasishwa hata ukiwa na GB 40 tupu. Hamisha gemu jingine kwanza.

Ukinunua Steam, hela inarudi ndani ya siku 14 kama hujavuka saa mbili za kucheza. PlayStation ni siku 14 pia, ila ukishaanza kupakua, haki hiyo imekwisha.

Yapi tusiguse hata yakiuzwa bei ya maandazi?

Redfall (2023): dunia tupu, maadui wanaosimama wakitazama ukuta. Concord (2024): lilidumu wiki mbili, Sony ikalizima na kurudisha hela, kwa hiyo sidii yake ni kifuniko cha sufuria. The Day Before lilitoka Desemba 2023 na kampuni yake ikatangaza kufunga siku nne baadaye.

GTA VI limefika Kariakoo?

Novemba 2025 Rockstar, watengenezaji wake, walitangaza tarehe ya 19 Novemba 2026, kwa PS5 na Xbox Series. PS4 haikutajwa, kompyuta haikutajwa. Ukiuziwa GTA VI ya PS2 au ya kompyuta, iweke: utaona CJ, shujaa wa GTA: San Andreas, amevaa shati jipya, ramani ni ile ile ya San Andreas, na barabarani pengine kumewekwa daladala. Kwa elfu tano si haba, ila gemu ndilo lile la 2004.